Migomba Mitatu ya Mwajuma

Mwajuma alikuwa na sehemu tatu za kulaza wageni wa mahema, na usimwambie tatu ni chache, atakununia mpaka kesho. Ya kwanza kando ya kijito, kwa wenye watoto. Ya pili juu kilimani, kwa wanaopenda upepo, shauri yao. Ya tatu ndani ya ghala la Wabelgiji lisilo na paa, lililobaki tangu machimbo ya dhahabu yafungwe na mji wake, mbali huko mbele ya Gashoho, ukaisha watu.

Palikuwa na uwanja mwingine, tambarare, mzuri kuliko hizo zote, wenye migomba mitatu katikati. Hapo hakumlaza mtu. Chini yake kulikuwa na shimo lililomfukia mumewe, Chabani, mwaka wa pili baada ya uhuru. Watu walichimba siku nne wakashindwa kumtoa. Wakajaza udongo, wakapanda migomba juu, kama wachimbaji wa pale walivyofanya siku zote ili watu wajue pasipokanyagika. Wenyeji walijua. Wageni hawakuambiwa, maana nani atalala kwa mama mwenye maiti uwanjani?

Uhuru ulipotimiza miaka ishirini, Mwajuma alikwenda Gitega kusherehekea kwa dada yake, Pili. Kabla ya kupanda gari akamwambia jirani yake Zuberi, "Migomba ya kupamba barabara, chukua kwangu, usiombe kwa mtu." Alitaka kusifiwa, tusimfichie. Hakusema ipi, na nyuma ya nyumba alikuwa nayo tele.

Alirudi siku ya tatu, mchana. Migomba haikuwepo. Zuberi alikuwa ameing'oa na mizizi yake ili isinyauke barabarani. Pale pale ilipokuwa palisimama hema la buluu, na kamioneti ilikuwa ikirudi nyuma kulielekea.

Mwajuma alitupa mzigo wake chini akapiga kelele mpaka gari likasimama. Dereva akatoa kichwa. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, Sylvestre, aliyekuja kuona mahali baba yake alipofanya kazi zamani.

"Kuna shida gani, mama? Tunashusha vyombo tu."

"Iko shimo hapo chini. Ndani ya hema kuna nani?"

"Bibi yangu, Faida. Na mtoto wetu."

Sylvestre akaruka chini akimbie. Mwajuma akamdaka shati. "Ukikimbia unawaua. Nenda ung'oe mlango wa nyumba yangu, leta hapa."

Mlango ukalazwa juu ya udongo. Mwajuma, mama wa miaka hamsini na kiuno kibovu, akalala kifudifudi juu yake akaanza kutambaa, jinsi Chabani alivyomwonyesha zamani. Chini yake alisikia udongo ukichuruzika.

"Faida, mwanangu, usisimame. Nipe mtoto kwanza. Pole pole."

Mtoto akapita mkononi mwake, akasukumwa nyuma mpaka kwa baba yake. Kisha Faida akaja akijiburuta kwa tumbo, kitenge kimemvuka, hakuna aliyejali. Walikuwa wamefika kwenye majani pale ardhi ilipoachia. Hema likazama taratibu, na birika la chai nalo likaenda.

Zuberi alikuja mbio na jembe, uso umemshuka. "Nilichukua ya karibu na barabara, Mwajuma. Sikufikiri."

"Mi ndiye sikukuambia," akajibu. "Kosa ni langu."

Faida alikuwa amemchukua mtoto, amemkumbatia kifuani. "Mama, ulijuaje kuna shimo?"

Mwajuma akaketi chini kwenye vumbi. "Mume wangu yumo," akasema, akalia mbele ya wageni kwa mara ya kwanza tangu 1964.

Wiki ile walijaza shimo upya, Sylvestre akiwamo, wakapanda migomba mitatu. Na tangu siku hiyo, kabla ya kijito, kabla ya kilima na ghala, mgeni anapelekwa kwanza pale uwanjani, anaambiwa hapa amelala Chabani.