Kigingi cha Tatu

Simenti mbichi ina harufu yake, na mimi nikiisikia popote, hata leo nikipita tu kando ya nyumba inayojengwa, narudi kuwa mtoto wa miaka tisa mwenye magoti ya vumbi na mdomo usiofungwa. Harufu hiyo ilifika mtaani kwetu, Palma, miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini. Ilikuja pamoja na magari makubwa meupe na watu waliovaa kofia ngumu hata wakiwa wamekaa kivulini wanakunywa soda. Sisi watoto tulikuwa tukiangalia juu, tukijiuliza wanaogopa kitu gani kiwaangukie.

Kabla ya hapo mtaa wetu ulikuwa mchanga mtupu, umeinama kuelekea kwenye mikoko. Kiangazi ulikuwa mtaa wa kucheza, wa kuanika samaki na wa kugombana. Mvua zikianza, ulikuwa mto. Maji yalianzia juu, kwenye nyumba za wenzetu waliohamia kutoka bara, yakashuka na kila yalichokutana nacho: kandambili, sufuria, vifaranga, na siku moja mlango mzima wa choo cha watu. Tulisimama ukingoni tukiokota vilivyo vyetu na, nisiseme uongo, wakati mwingine visivyo vyetu. Mama alizoea kuziba kizingiti kwa makumbi ya nazi na viroba vya mchanga, na bado asubuhi tuliamka na kukuta mikeka imelowa. Hakuna aliyelalamika kwa serikali, maana serikali yenyewe ilikuwa haipiti njia ile. Magari meupe yalipokwama pale mara mbili, wakubwa wakakumbuka ghafla kwamba mtaa wetu una maji. Nasema hivi kwa ubaya kidogo, nisameheni. Baba yangu angekuwepo angeniambia nishukuru.

Watu walifurahi kweli. Tuliambiwa barabara itainuliwa kwa udongo mwekundu, na pembeni yake utachimbwa mfereji wa simenti, vala kama walivyouita wote kwa Kireno, utakaopita kati ya nyumba yetu na ya Bi Atija mpaka mikokoni. Wanawake walipiga vigelegele kama kwenye harusi. Mimi pia nilipiga, mpaka koo likaniuma. Kumbe nilikuwa najipigia msiba wangu mwenyewe.

Hapa lazima niwaeleze habari ya mnazi. Kati ya kaka yangu na mimi, mama alizika watoto wawili. Nilipozaliwa mimi, aliyenipokea alikuwa Bi Atija, jirani yetu, mkunga na msukaji wa mikeka, mwanamke mwenye mikono mikavu na maneno makavu zaidi. Kitovu changu kilipodondoka, alikifukia uani kwetu, upande unaotazamana na jiko lake, na juu yake akapanda mche wa mnazi. "Huyu atakaa," alimwambia mama, "nimemfunga hapa." Nilikua nao, nikipimwa nao kila Idi, na mwaka ule wa simenti ulikuwa umeanza kuzaa. Kaka yangu, ambaye Mungu alimpa ulimi na kumnyima huruma, alishaniambia mara nyingi kwamba mnazi ule ukikatwa, nami nitakauka. Niliamini kabisa. Mtoto wa miaka tisa angeamini nini kingine?

Basi akaja mpimaji na vigingi vyake vya mbao, kila kimoja na utepe mwekundu kichwani. Vilipangwa mstari mmoja, vikateremka mtaa mzima, na mstari huo ukapita katikati ya mnazi wangu. Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa akaenda kusema naye. Nilijibanza nyuma ya ukuta nikisikiliza. Mpimaji hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba maji hayataki kona, yanataka njia iliyonyooka, na kwamba tusiwe na wasiwasi, tutapewa mche mwingine. Baba akarudi, akavua kanzu, akasema, "Wamekataa." Nilijilaza chini ya mnazi nikalia hadi kamasi zikaniziba pua. Mche mwingine! Huo mche mwingine ulikuwa na kitovu cha nani?

Ijumaa iliyofuata, wanaume wote wakiwa msikitini na vibarua wa bara wamekwenda kula, nilipiga moyo konde. Vigingi vyenye maana kwangu vilikuwa vitatu: kimoja upande wa juu wa mnazi, kimoja kwenye shina lake, na cha tatu upande wa chini, usawa wa pembe ya jiko la Bi Atija. Niling'oa cha kwanza nikakisogeza hatua mbili mbali na mnazi. Cha pili nacho kikakubali. Cha tatu kilikuwa kimekita kwenye jiwe. Nilivuta, nikakitikisa, nikakipiga teke, nikakiomba kwa jina la Mwenyezi Mungu, hakikutoka. Viganja vikachubuka. Na bila cha tatu kazi yangu yote ilikuwa bure, kwa sababu mfereji ungekwepa shina kisha ungerudi kukata mizizi. Niliposikia watu wanatoka msikitini nikakimbilia ndani, nikajifunika kanga nikijihesabu kuwa maiti. Jua lilipokuwa linazama nilisikia mchi wa Bi Atija unagonga, gu, gu, gu, nikajua anatwanga matapa, kisamvu chetu cha nazi, na hata njaa sikuisikia.

Asubuhi kigingi cha tatu kilikuwa kimehama. Hatua mbili kamili, sambamba na wenzake, karibu kabisa na ukuta wa jiko la Bi Atija. Nilisema ni malaika, nikaishia hapo. Mtoto akishapata anachokitaka haulizi maswali. Vibarua wakachimba kwa kufuata vigingi, wakajenga, na mpimaji aliporudi simenti ilikuwa imeshakauka, mfereji umepinda kama kiwiko mbele ya macho yake. Akapiga kelele kwa Kireno, kisha kwa Kiswahili ili sote tufaidi. Vibarua wakaapa kwamba wamefuata vigingi. Bi Atija alikuwa kibarazani kwake anasuka, hata kichwa hakuinua. "Labda mbuzi," alisema. "Mbuzi wa mtaa huu wana akili sana." Mtaa mzima ulicheka, na mpimaji mwenyewe mwishoni akacheka, akaandika kitu kwenye daftari lake akaondoka.

Lakini alisema kweli kuhusu maji. Mvua kubwa ya kwanza, mtaa wote ulibaki mkavu isipokuwa mahali pamoja. Maji yalishuka kwa kasi, yakakwepa mnazi wangu vizuri, yalipofika pale pa kurudi hayakurudi, yakaruka ukingo na kuingia jikoni kwa Bi Atija. Mle ndani alikuwa ameegemeza ukindu wote aliokwisha kuutia rangi, na mkeka uliofika nusu, mkeka wa harusi ya Saidi, mwanawe wa pekee. Niliona maji yanatoka mlangoni kwake ya zambarau na kijani, yanatiririka uani, rangi nzuri ajabu, na nikatamani ardhi ipasuke initie ndani. Kazi ya miezi mingi ilikuwa inakwenda baharini kwa sababu yangu. Bi Atija akatokea mlangoni, gauni limemganda, akaniita kwa sauti iliyosikika mpaka kwa baba: "Ancha! Njoo uchote maji yako!"

Maji yako. Nikajua kwamba anajua. Nilikwenda, nikachota kwa bakuli mpaka mgongo ukaniuma, nikisubiri anipeleke kwa baba. Hakunipeleka. Alinipa uji, akaniketisha, akanionyesha jinsi ya kuanza mkeka upya. Masika yote yale, na mengine mengi, mvua ikishika tu nilisikia jina langu. Nilichota maji, nikanywa uji, nikajifunza kusuka, nikasikia habari za kila mtoto aliyezaliwa Palma. Saidi alioa kwenye mkeka ambao ukingo wake mmoja umekwenda upande, na upande huo ni wangu.

Baadaye vita ilitutawanya. Tulikimbia, wengine tukarudi, na hayo si ya kusimulia leo. Mimi sasa ni mwalimu hapa Palma. Saidi, aliyekuwa amehamia kwa wakwe zake, alihamishwa pamoja nao kupisha kiwanda cha gesi, wakapewa nyumba ya matofali katika kijiji kipya cha Quitunda, na mama yake yuko naye. Mwaka jana nilimpelekea Bi Atija nazi mbili za mnazi wangu. Kule barabara zimenyooka, mifereji imenyooka, nyumba zimepangwa kama madaftari ya darasani. Mvua ilinikuta nimekaa naye. Maji yalishuka kwenye mfereji, yakapita mlangoni, yakaenda zake, na sakafu ikabaki kavu. Nikamsifia. "Kukavu, ndiyo," alisema. "Mvua inanyesha na hakuna mtu wa kumwita."

Nikaona nisipokiri siku ile sitakiri tena. Nikamwambia: vile vigingi, Bi Atija, nilivihamisha mimi. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini alinigeukia kana kwamba ananiona.

"Viwili," alisema. "Ulihamisha viwili. Nilikuwa nimekaa jikoni nakutazama unavyolia na kile cha tatu."

Nilikumbuka ule mchi, gu, gu, gu, na nikakumbuka kwamba siku ya pili yake hatukuletewa matapa, na Bi Atija hakuwahi kutwanga matapa bila kutuletea bakuli.

"Lakini maji yangekuja kwako," nilisema. "Mpimaji alishasema."

"Nilimsikia." Akaipapasa nazi moja mapajani mwake, polepole, kama anavyopapasa kichwa cha mtoto aliyempokea sasa hivi. "Ningefanyaje, Ancha? Nilishamwambia mama yako kwamba utakaa."