Shilingi Shingoni mwa Lenah

Lenah ni mke mwenzangu, na kila nikianza kumweleza mtu habari zake nakasirika kabla sijafika mbali. Yeye ndiye mke mkubwa. Anakaa ushago, Bungoma, analima, anafuga kuku, hagombani na mtu. Mimi nilikuwa naishi na mume wetu Nalianya huku kijiji cha Raila, Kibera, kwenye nyumba ambayo mlango wake ulishikiliwa na kipande cha tairi badala ya bawaba. Na Nalianya ni fundi wa mbao! Watu wa mtaa wa Ayany anawatengenezea milango unayofunga kwa kidole kimoja. Wake mwenyewe, tairi.

Majirani walidhani mwenye bahati ni mimi, eti nimemchukua mume. Kipya kinyemi, walisema. Hawakujua kwamba Lenah ana shilingi.

Ilikuwa shilingi ya fedha ya Mfalme Joji, upande mmoja kichwa chenye taji, upande wa pili simba na milima. Babu yake Nalianya alirudi nayo kutoka vitani. Ilikuwa imetobolewa kwa juu, ikatiwa uzi mweusi, na Lenah aliivaa tangu siku ambazo mimi simjui Nalianya ni nani. Mimi nilipokuja kwake sikuvishwa kitu. Nilikuja na beseni langu na godoro langu. Niliwahi kumuuliza Nalianya kuhusu ile shilingi, akasema ni chuma tu, niachane nayo. Kuachana nayo, wapi! Kila Lenah akija Nairobi macho yangu yalienda shingoni kwake kwanza, ndipo nimsalimie.

Mwaka wa tisini na sita alikuja na gunia la mahindi, na shida. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya nyumba yake, watoto wanalala jikoni. Akasema atauza shilingi. Alikuwa amesikia kwamba Kawangware kuna fundi wa saa, Gerishon, anayenunua pesa za zamani na kuwauzia watu wanaozikusanya. Nalianya alibeba begi lake la vifaa akaenda kazini, na mimi nikaambiwa nimsindikize mwenzangu.

Haki nilifurahi. Nilitaka huyo Gerishon aiangalie aseme ni takataka, Lenah asikie, na mimi niwe nimesimama pale pale.

Kabla hatujatoka Lenah aliivua uzi akaisugua kwa jivu. Sisi kwetu mwanamke hupimwa kwa sufuria zake, zisipong'aa, umekwisha. Nikaiangalia nikamwambia bado haijatakata. Nikaichukua nikaipiga mchanga na waya wa kusugulia. Akaichukua tena, akaipaka ndimu. Nikaichukua tena. Hakuna aliyetaka mwenzake awe wa mwisho, na tukaenda hivyo mpaka mfalme akang'aa kama kijiko kipya. Akaifunga kwenye leso, leso akaibana kwa pini ndani ya blauzi, tukashika njia kwa miguu.

Gerishon alikuwa na kibanda kidogo karibu na soko. Alibandika kioo chake jichoni, akaigeuza huku na huku, akaitazama ukingoni, akaipima kwenye mizani ndogo. Kisha akauliza ni nani ameisugua. Kila mmoja wetu akamwangalia mwenzake.

Akatueleza kwa sauti ya chini, vile unavyoongea na wafiwa. Pesa ya zamani ina ngozi yake, alisema, ule weusi ambao sisi tuliuona uchafu. Wanaokusanya hulipia ngozi hiyo, na sisi tulikuwa tumeichuna. Ndevu za mfalme zilikuwa bado zinahesabika, simba hajalika, na mwaka ulioandikwa ni wa shida kupata, lakini sasa mikwaruzo ilikuwa imejaa kila mahali. Hata hivyo sisi tulisugua maiti. Lililoiua ni tundu. Bila hilo tundu, shilingi hiyo ingeezeka nyumba nzima. Ikiwa nalo, angeilipia uzito wa fedha tu, na fedha yenyewe humo ni kidogo. Ingenunua sukari.

Moyo wangu ulicheka. Sukari! Nikamgeukia Lenah nione uso wake.

Lakini Gerishon alikuwa amerudisha kioo jichoni. "Aliyetoboa hii aliijali," akasema. "Amepita katikati ya herufi, taji hakuligusa. Halafu kingo za tundu amezipiga msasa pande zote mbili, zisimkwaruze mvaaji. Hizi zingine ninazoletewa, watu wamepiga msumari tu."

Akapitisha kidole pale juu, polepole. Nikamuuliza Lenah ni nani alitoboa, na jibu nilikuwa nalo tayari.

"Ni Baba Wanzala," akasema, hivyo ndivyo anavyomwita Nalianya. "Ile njaa ya themanini na nne, mwenye duka mmoja alitaka kumpa ndama kwa hii shilingi. Akaogopa njaa itatushinda tuiuze. Akaitoboa ndiyo ikose bei, akanivisha."

Kukataa ndama mwaka wa njaa ni upumbavu, na mtu yeyote atakwambia hivyo. Lakini mimi, miaka yote hiyo, huyo mwanaume hajawahi kunifanyia upumbavu hata mmoja. Kwangu ana akili timamu kila siku.

Lenah hakuiuza. Alisema mabati atayatafuta kwa kuku. Njia nzima ya kurudi nilitangulia mbele, asinione uso. Ningefungua mdomo ningelia kwa wivu.

Jioni Nalianya alirudi akauliza imekuwaje. Nikamwambia haina bei, imetobolewa.

"Najua," akasema.

"Basi na mimi nitobolee kitu," nikamwambia. "Chochote."

Lenah alikuwa anachagua maharagwe, na hakuinua kichwa. "Mtengenezee mama Joan mlango," akasema. Mama Joan ndiye mimi.

Akafungua begi. Akang'oa ile tairi, akatoboa fremu, akafunga bawaba mbili zilizobaki kwenye kazi ya Ayany. Akaufungua, akaufunga, akasema umeshika, akatoka kwenda kunawa.

Nikangoja atoke kabisa. Kisha nikapitisha kidole kwenye ukingo wa ule mlango kuanzia juu, polepole, vile Gerishon alivyofanya. Hakuwa amepiga msasa. Sikufika hata katikati, kibanzi kikaniingia ndani kabisa.

Aliyekitoa ni Lenah, kwa ile pini ya leso. Alinivuta hadi dirishani penye mwanga, akanishika mkono, akachokoa taratibu nisiumie. Hakuniuliza nilikuwa natafuta nini pale mlangoni. Alijua, na hakunicheka. Afadhali angenicheka.