Sura ya Mfalme Mezani kwa Babu

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu medali ya dhahabu, iliyotengenezwa mfalme fulani alipotawazwa. Akasema watu wanazitafuta dunia nzima. Nilishtuka hadi chai ikanimwagikia. Nawe ungeshtuka, rafiki yangu, kama ungekuwa na babu kama wangu.

Babu alikuwa sonara hapa Kisangani miaka ya hamsini, Mbelgiji bado akitawala. Asubuhi nyundo yake ililia tik, tik, bibi akitwanga ndizi za lituma, ugali wetu wa ndizi, uani, nami nikimenya huku moshi wa makaa ukiniwasha macho. Wanawake wa mtaani walimletea sarafu za dhahabu azifanye mapambo. Sisi watu wa swala hatukuvaa sura ya mtu kifuani, kwa hiyo babu aliisugua kwanza sura mpaka ikafutika, ndipo akatia kitanzi cha kupitishia mkufu. Hakungoja kuambiwa.

Jirani yetu mzungu alikusanya medali za wafalme. Siku moja alileta ile aliyoipenda kuliko zote, akaomba itiwe kitanzi, mke wake aivae sikukuu. Babu alisikia mwanamke ataivaa, basi.

Mzungu aliporudi, babu alimkabidhi kwa mikono miwili, akitabasamu. Mzungu akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, kisha akakaa sakafuni na suruali yake nyeupe.

"Fundi, mufalme iko wapi?"

"Bwana, banamuke habavalake sura ya mutu. Nilisafisha muzuri."

Mchi wa bibi ukanyamaza. Sote tulijua watu waliofungwa kwa makosa madogo kuliko kumfuta mfalme. Bibi alikuja mbio, akavua bangili zake zote, akaziweka mezani. Mzungu akazisukuma kando.

"Dhahabu iko mingi kule machimboni Bafwasende," akasema. "Ile sura ndiyo haiko tena."

Akaondoka bila kuaga. Maisha yake yote babu hakuwahi kumwona mtu akiidharau dhahabu.

Kesho yake alivaa kanzu ya Idi, akaketi mlangoni kuwangoja askari. Hawakuja. Nadhani mzungu hakumwambia mtu. Lakini babu hakuwasha makaa tena. Wanawake aliwarudisha kwa upole, akisema mkono wake umekosea.

Leo mtaani petu hakuna sonara, na lituma tunanunua sokoni. Ninachokikumbuka zaidi kinaniuma: mpaka anakufa, kila gari la polisi lilipopita, babu alisimama, akanyoosha kanzu yake, tayari kuchukuliwa.