Papa Aliyeomba Mpira

Usiku ule wa kuamkia kipimo sikumwalika mtu, awe hai au maiti. Nilimeza dawa ya kichwa, nikahakikisha mlango umefungwa, nikarudi kuhakikisha tena, nikalala. Kwa hiyo nilipomwona marehemu Papa ndotoni, amesimama katikati ya uwanja, theluji ikimwangukia kichwani bila kuyeyuka, sikuanza na salamu. Nilijiuliza: huyu anataka nini?

Maana wafu hawaji bure. Mama yangu, aliyenilea Kongowea, alinionya mapema: maiti akikupa kitu ndotoni, pokea, akikuomba, mnyime. Anachochukua hakirudi, na mara nyingine huondoka na mwenyewe.

Papa alikuwa Mkongo wa Bukavu. Nilicheza naye misimu saba katika timu moja ya huku Kanada. Watu wa kwetu wakisikia mpira hufikiria goli na kipa. Huu ni mwingine. Una umbo la papai changa, wachezaji ni kumi na wawili kila upande, na mnapewa nafasi tatu za kusogea yadi kumi. Mkishindwa, papai linakwenda kwa wenzenu. Kazi yangu ni kulipokea na kukimbia nalo katikati ya majitu yanayotaka kunivunja. Si kazi ngeni kwangu. Utotoni nilitembeza mayai ya kuchemsha sokoni, trei begani, askari wa baraza la mji nyuma yangu. Tofauti ni kwamba huku nikikamatwa watu wanapiga makofi.

Papa yeye alisimama mbele yangu na kunifungulia njia kwa kifua chake. Mpira hakupewa hata siku moja. Nafasi aliyocheza haina mambo ya kushika mpira. Tulisemezana Kiswahili uwanjani ili wapinzani wasielewe. "Pita huku, mudogo," alikuwa akisema kwa Kiswahili cha kwao, nami napita. Kwa desturi ya kwao mwanamume huitwa kwa jina la mtoto wake, basi sote, hata kocha, tulimwita Papa, yaani baba, pamoja na jina la bintiye. Jina hilo nitalitaja mwishoni. Nina sababu.

Basi tuko kwenye duara, pale timu inapopewa mpango kabla ya kucheza. Wenzangu wameinamisha kofia zao ngumu, pumzi zinatoka kama moshi. Nikatuhesabu. Kumi na watatu. Nikarudia. Kumi na watatu.

"Tumezidi mmoja," nikasema. "Tutaadhibiwa."

"Hesabu tena," akasema Papa. Yeye peke yake hakuvaa kofia. "Si ndiyo tabia yako?"

Nikahesabu tena. "Kuna mmoja hapa hastahili kuwapo."

"Ndiyo," akasema. "Ila hatujajua bado ni nani."

Sikulipenda jibu lile. Nilimwangalia miguu, maana mzimu hutambulika kwa miguu. Viatu vilikuwa vyake, vikubwa kama mashua, na kamba ya kushoto haijafungwa, kama kawaida yake. Hilo nalo lilinitia wasiwasi. Tapeli mzuri hujua mambo madogo.

"Pita huku, mudogo."

Ninakimbia nyuma ya mgongo wake. Njia inafunguka, na ndani ya njia hakuna uwanja tena, ni uchochoro wa soko. Nasikia harufu ya kachumbari, mikokoteni inanipisha, na mpira kwapani una joto kama mayai yaliyotoka chunguni. Uchochoro unaishia kwenye mlango wa daktari wa timu. Papa ndiye aliyekalia kiti cha daktari. Kiti kinalia.

Hapo nikaelewa kwamba amekuja kwa ajili ya kipimo. Kila msimu ukianza, daktari hupima vichwa vyetu. Anakutajia maneno matano, mnaongea mengine, kisha uyarudie. Alama zako zinawekwa. Ukigongwa baadaye unapimwa tena, wanalinganisha. Sasa niambie, mtoto wa soko atamwonyesha mteja mzigo wote siku ya kwanza? Kila mwaka nilitoa maneno matatu na kujikuna kichwa. Papa alitoa mawili. Alisema anaacha nafasi ya kugongwa msimu mzima. Hivyo hata tukigongwa vipi, alama zilikuwa zile zile, na tulirudi kucheza. Tulijiona wajanja. Alipostaafu alianza kupotea njia ya dukani, kisha majina yakampotea, kisha akatupotea yeye mwenyewe, kabla hajaota mvi.

Nami wiki ile nilikuwa nimegongwa. Asubuhi nilitakiwa kupimwa. Nikipita, nacheza fainali. Nikianguka, nakaa nje, na mkimbiaji wa umri wangu akikaa nje hurudi akiwa mtazamaji.

"Moto, kiti, samaki, barua, mvua," akasema Papa. "Rudisha."

"Moto, kiti, samaki, barua, mvua."

"Aa! Leo unatoa yote?"

"Wewe si daktari."

"Na daktari ni nani?"

"Mteja."

Akacheka, kile kicheko chake cha kutikisa bega moja. Nilikaribia kumwamini. Kisha akanyoosha mikono.

"Sasa nipe mupira."

Nikalibana papai langu kwa mikono yote miwili. Nikasema moyoni, si yeye huyu. Papa hakuwahi kuomba mpira.

"Tangu lini unashika mpira wewe?"

"Tangu nilikosa kazi ingine."

"Mama yangu alisema nisimpe maiti kitu."

"Mama yako alisema kweli."

Jibu hilo lilinivuruga. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, naye amekubali bei ya kwanza. Mtu akikubali bei ya kwanza, angalia tena mzigo wako.

"Nikikupa, utaondoka nami?"

Alijipangusa bega. Theluji ilikuwa ikianguka hata mle ndani. Akasema, "Basi uniite jina yangu, niende zangu na mikono mitupu."

Nikaona nimepata bure. Nikafungua mdomo. "Papa…"

La pili halikuja. Nililipapasa kama mtu anayetafuta funguo katika koti alilovaa jana. Jina nililolipigia kelele misimu saba. Mtoto niliyempakata siku alipotolewa hospitali.

"Nipe herufi ya kwanza," nikasema.

"Hapana."

"Nikuite ndugu."

"Ndugu wako wengi."

Hakukasirika. Alinitazama kama zamani, nilipokuwa nimelala kwenye nyasi naye amesimama juu yangu, miguu huku na huku, mtu asinikanyage.

"Miye niliwaambia madaktari niko muzuri," akasema. "Kila mara. Wakaniamini."

Akasogeza viganja vyake karibu.

"Siko nachukua mutu, mudogo. Niko nachukua mupira tu."

Nikampa. Mikono yangu ikawa myepesi hadi ikauma. Aliushika vibaya, kama mwanamume aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa jirani, kisha akageuka. Na tuko uwanjani tena, naye anakimbia, hakuna aliye mbele yake, kamba ya kushoto inapepea. Nikawahesabu waliobaki. Kumi na wawili. Nikarudia. Kumi na wawili, nami nikiwamo.

Nikaamka. Mito yote miwili ilikuwa sakafuni. Kumekucha, na Zuhura, mke wangu, anapiga pasi sare ya shule ya mtoto.

"Zuhura, binti wa marehemu Papa anaitwa nani?"

Aliisimamisha pasi kwanza.

"Mapendo."

"Ala! Mapendo. Papa Mapendo."

"Uliniuliza jana, Baba Salma," akasema taratibu. "Na juzi. Nilidhani unanitania."

Nilikaa kitandani. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, hizo mbili zilikuwa zimenipita.

"Na wetu?" akauliza, sauti imepungua.

"Salma," nikasema. "Salma."

Nikampigia daktari kabla ya chai. Akashangaa, kipimo kilikuwa cha saa nne.

"Daktari, alama zangu za mwanzo wa msimu si za kweli. Maneno yote matano nilikuwa nayakumbuka. Nilikuficha mawili."

Akauliza, "Na sasa unakumbuka mangapi?"

Bei ya kweli sikuwa nayo mimi, alikuwa nayo mke wangu. Nikampa Zuhura simu, kwa mikono miwili.