Nzi Aliyezimisha Lifti

Majirani walipomuuliza shangazi binti wa kaka yake anafanya kazi gani, alijibu, "Bado anasoma," na jibu hilo lilikaribia ukweli kuliko alivyojua mwenyewe. Binti mwenyewe alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita, mwenye mume, mtoto mmoja, na kila shahada ambayo chuo kikuu kinaweza kumpa binadamu bila kumwua. Cheo chake kilikuwa mtafiti wa baada ya uzamivu katika fizikia ya kwanta, upande wa nadharia. Ukikivua cheo hicho mapambo yake, maana yake ni kwamba umemaliza kusoma, hujapata kazi, na mkataba wako unakaribia kwisha.

Hiki kilikuwa chuo chake cha tatu katika mji wa tatu. Mumewe alibaki mji wa pili kwa sababu alikuwa na kazi ya kudumu, maradhi ambayo mkewe hakuwahi kuambukizwa, akawa anakuja kila mwisho wa mwezi. Nyumba waliyopanga ilikuwa na maboksi ya vyombo ambayo hayajafunguliwa tangu wahamie, na madirisha yasiyo na mapazia. Kila nyumba ina madirisha ya vipimo vyake, na ni mwendawazimu gani anayeshona mapazia ya nyumba atakayoihama? Dirisha la sebuleni lilizibwa na shuka la mtoto, lile lenye picha za bata, lililopigiliwa misumari juu. Mtoto alikuwa na miaka sita na hakuwa na mzaha na shuka lake.

"Mama, shuka langu linarudi kitandani lini?"

"Tukishajua kama tunakaa."

"Na tutajua lini?"

"Mashine ikilia."

Mashine yenyewe ilikuwa chini kabisa ya jengo la fizikia, kwenye chumba kisicho na dirisha. Lilikuwa jokofu refu kama kabati la nguo, lenye baridi ambayo hata huko juu kwenye nyota haipatikani, na ndani yake mlikuwa na kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya vumbi. Aliyelilinda ni mtafiti wa majaribio, mtu mwenye masharubu na maneno machache, ambaye jengo zima lilimwita Baridi. Binti wa nadharia alikuwa ghorofa ya nne na chaki yake, na kwa chaki hiyo alikuwa amepiga hesabu kwamba kwenye baridi ile kipande kile kitatetemeka kwa kasi fulani, si zaidi wala si pungufu. Mashine ikiusikia mtetemo huo, nadharia imesimama na mkataba wake unaongezwa. Isipousikia, afungashe virago, na maboksi mengine bahati nzuri yalikuwa yameshafungwa.

Miezi minane mashine haikusema kitu. Mwanamama wa watu alikuwa amekalia kuti kavu, na kila aliyemwona alijua.

Kilichofanya watu wamchukie ni lifti. Majaribio yalipoanza, mashine ilinasa mvumo fulani wa kuudhi, mbali sana chini ya pale walipokuwa wanatafuta. Baridi akaupa jina la Nzi. Akasimama mbele ya mkutano wa idara, akala kiapo kwamba Nzi anatoka kwenye mota ya lifti, na lifti ikazimwa siku hiyohiyo kwa manufaa ya sayansi. Tangu hapo jengo zima lilipanda ngazi. Profesa, bosi wake, alipanda akitanguliwa na tumbo lake, akifika juu hawezi kusema hata jina lake. Katibu muhtasi alizipanda ngazi hizo akiwa mjamzito, akaenda kujifungua, akarudi kazini, akakuta lifti bado imezimwa. Aliwatukana watu wa kwanta matusi ambayo hayaandikiki.

Kamati ya kuamua mkataba ilipangwa kukaa Ijumaa. Profesa alikuwa ameshampoza mapema. "Usivunjike moyo. Hesabu zako ni nzuri, ila maumbile yamekataa. Hiyo si aibu. Nitakuandikia barua ya sifa uipeleke chuo kingine." Chuo cha nne, mji wa nne, madirisha ya vipimo vingine. Alishukuru, akatoka, akaenda chooni kulia, akanawa uso, akarudi kusahihisha mitihani ya mwaka wa kwanza, maana mitihani haina huruma na mtu.

Ndipo alipokutana na karatasi ya mwanafunzi mmoja mzembe. Jibu lilikuwa namba tupu, imekaa peke yake katikati ya ukurasa. Namba ya nini? Mita? Kilo? Mbuzi? Hasira zote za miezi minane zikapata mahali pa kutua. Alishika kalamu nyekundu akaandika kwa herufi kubwa, KIPIMO KIKO WAPI?, akachora sifuri nene, akaipigia mstari chini.

Halafu mkono ukasimama.

Watu wa nadharia wana tabia moja ambayo seremala angefukuzwa kazi nayo. Hawapendi vipimo. Wakiingia kwenye ubao wanasema kasi ya mwanga ichukuliwe ni moja, hiki nacho ni moja, kile nacho ni moja, na hesabu inabaki nyepesi, inateleza yenyewe. Mwishoni unatakiwa uvirudishe vipimo vyote mahali pake kabla hujampa mtu jibu. Yeye jibu lake alimpelekea Baridi kwa simu, kwa ujumbe, wiki ya kwanza. Aliutafuta ujumbe ule. Ilikuwa namba tupu.

Gurudumu likizunguka unaweza kuhesabu mizunguko, au unaweza kuhesabu pembe ambayo limeipita, na kwa hesabu ya pili mzunguko mmoja unatoa sita na ushee. Watu wa ubao huhesabu pembe. Watu wa mashine huhesabu mizunguko. Namba yake ilikuwa ya pembe, na Baridi, mtu mwaminifu, aliisoma kuwa ya mizunguko. Kwa hiyo alimtuma mtu mzima kutafuta kitu mahali palipo juu mara sita na ushee kuliko kilipo, na jengo zima likapanda ngazi kumsindikiza.

Alimrudishia mwanafunzi nusu alama. Ilikuwa ya huruma, na haikuwa ya mwanafunzi peke yake.

Angeweza kunyamaza. Tuseme ukweli, alifikiria sana kunyamaza. Akinyamaza, maumbile yamekataa, barua ya sifa anayo, anaondoka kwa heshima. Akisema, na Ijumaa ndiyo keshokutwa, ataingia mbele ya kamati kama daktari wa falsafa aliyesahau kugawanya. Habari za namna hiyo hutangulia mtu kila chuo anachoomba. Na hakuna aliyemhakikishia kwamba huko chini kwenye namba sahihi kuna chochote. Lakini alimfikiria Baridi akiamka kila asubuhi kwenda kusikiliza ukimya aliotengenezewa na chaki ya ghorofa ya nne, akaona hapana, huo ni uchawi. Akapiga moyo konde akashuka ngazi.

"Kaka," alisema mlangoni, "nimekuja kupasua jipu. Ile namba niliyokupa, nilisahau kugawanya kwa sita na ushee."

Baridi alimtazama. Masharubu yalicheza kidogo.

"Miezi minane, dada."

"Najua. Nitukane tu, ninastahili."

Hakutukana. Alivuta kiti akakaa, akachukua kikokotoo, akagawanya, akaitazama namba kama mtu aliyekutana na mkwewe baa. Kisha akafungua kompyuta, akamwonyesha mchoro wa miezi ya mwanzo. Mstari ulilala bapa, kisha sehemu moja ukainuka ghafla kama kidole. Kidole kilisimama juu ya namba ileile.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Nzi," alisema Baridi.

Mashine ilikuwa imelia tangu wiki ya pili. Ililia mchana na usiku, na wao wakahangaika kuinyamazisha, wakaivisha mablanketi ya chuma, wakaizimia lifti, mpaka mwezi uliopita walipofunga kichujio cha kumkaba Nzi, wakapongezana kwa mikono.

"Sasa na mimi nipasue langu," Baridi alisema akitazama sakafu. "Lifti ilipozimwa, Nzi hakutikisika hata kidogo. Nilijua kesho yake kwamba haihusiki. Lakini nilishakula kiapo mbele ya watu. Nilimwona yule katibu anapanda na tumbo lile, nikaona nikisema sasa nitauawa."

Hapo dada wa watu alicheka mpaka akashika ukuta, na Baridi, ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake, akacheka pia. Wakafungua kichujio. Nzi akarudi pale pale, mzima wa afya.

Walimwendea Profesa pamoja asubuhi, wakamwambia yote bila kupaka mafuta. Alihema muda mrefu, kwa ngazi na kwa habari. Kisha akauliza mchoro uko wapi, akautazama, na kabla ya saa sita mchana, kinywani mwake hesabu zilikuwa zimeacha kuwa "zako", zimekuwa "zetu".

Kamati ilicheka kwanza, ikaongeza mkataba baadaye. Taarifa aliileta katibu muhtasi, na alikuja kwa lifti. Kengele ililia, mlango ukafunguka, akatoka kwa maringo ya bibi harusi.

"Miaka miwili, Dada Sita na Ushee," alisema. Jina lilikuwa limeshaenea jengo zima. "Hongera. Ila magoti yangu hayajakusamehe."

Jioni alimpigia shangazi kumpa habari njema.

"Kwa hiyo umemaliza shule?"

"Bado, shangazi. Wameniongezea darasa."

"Haya mwanangu, jitahidi."

Kisha alipanda kwenye kiti sebuleni na nyundo, akaanza kung'oa misumari. Mtoto alikuja mbio.

"Mashine imelia?"

"Ilikuwa inalia siku zote. Mama ndiye hakusikia."

Shuka lilianguka mikononi mwake, na mwanga ukaingia sebuleni wote kwa mpigo. Ndipo alipoliona vizuri. Jua lilikuwa limewala bata, rangi yao ya njano imepauka, wengine wamebaki midomo tu. Alitaka kusema atanunua jingine, lakini mtoto alikuwa ameshalivuta, analikagua.

"Wamezeeka," alisema mtoto.

"Walitungoja sana. Nisamehe, mwanangu."

Mtoto aliliburuza shuka mpaka chumbani, akalitandika mwenyewe, upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mama yake hakulinyoosha. Alikaa sakafuni, bila pazia, majirani wakimwona, akavuta boksi la kwanza la vyombo na kulifungua.