Mama Kendi na kipande asichokijua

Leo muuza miraa amechambua mwani wangu vizuri kuliko mimi.

Mnajua niko nyumbani Isiolo, naandika utafiti wa mwani mwekundu wa Pwani. Nina vipande kumi na vinne, kila kimoja na namba yake. Mimi nilivigawa kwa rangi, maabara wakapima DNA, na majibu yetu hayakulingana kabisa.

Asubuhi nimeviloweka kwenye beseni uani. Jirani yetu Mama Kendi akapita na miraa yake, akauliza napika nini.

Nikamwambia anitenganishie aina. Nilikuwa natania tu.

Rangi hakuangalia. "Rangi inaletwa na jua tu," akasema. Alipapasa pale tawi linapotokea kwenye shina, vile anachambua miraa.

Akatoa mafungu mawili. Kipande kimoja akakiweka kando.

"Hii siijui. Usiniulize."

Nikafungua majibu ya maabara kwa simu, nikalinganisha namba.

Mafungu yake yote yako sawa na ya maabara.

Na kile cha kando? Maabara waliandika hakifanani na chochote walicho nacho.

Picha ndiyo hiyo hapo chini. Mwenye kukijua aniambie, maana Mama Kendi amekataa kuulizwa.