Kijiko cha Kwanza

Katika kiwanda kile cha viatu, chakula cha mchana hakikuanza kwa king'ora. Kilianza kwa mdomo wa mwanamke mmoja. Mpishi mkuu alisimama mbele ya foleni, akachota kijiko cha kwanza kutoka kwenye sufuria kubwa, akala, akameza, kisha akapaza sauti: "Karibuni!" Hapo ndipo sahani ya kwanza ilipopakuliwa. Desturi hiyo iliwekwa mwaka ule samaki walipowalaza hospitali nusu ya washona viatu. Walionusurika wakaapa kwamba hawatatia kitu kinywani mpaka mpishi atangulie. Na ule ukelele haukuwa pambo. Mwenye tonge mdomoni hawezi kupiga ukelele, jaribu uone.

Walimwita Mama Kengele. Sauti yake ilifika mpaka kwenye ghala la ngozi, na mwanawe wa pekee, fundi wa mashine za soli, alitaniwa kwamba akiitwa na mama yake nyumbani, mtaa mzima huitika abee.

Kisha koo likaugua. Madaktari wakamtoa kikoromeo chote, na sauti ikaenda nacho. Wakamwachia tundu chini ya shingo la kupumulia, ambalo alilifunika kwa kitambaa, na kidude cha betri cha kubana shingoni, kilichomfanya aongee kama redio iliyopoteza stesheni. Alikichukia kupita kiasi. Jikoni alikifungia kwenye droo, eti mvuke utakiharibu. Pua nayo ilibaki usoni kwa ajili ya sura tu, maana pumzi haikupita tena huko. Vitunguu viungue visiungue, kwake yote mamoja. Alipika kwa macho na mazoea.

Watu walimpenda, wakamrudishia upawa wake. Mahali pa "Karibuni!" wakakubaliana augonge ukingoni mwa sufuria, ngo! Hakuna aliyejiuliza kilichopotea hapo. Upawa hugongwa na yeyote, awe amemeza au hajameza.

Mwanzoni alimeza kweli. Baadaye mkate ukaanza kukwama, ukafuata wali, mwishowe hata viazi vya kupondwa vikawa vinasimama kooni kama mgeni mlangoni asiyeingia wala kuondoka. Alivisukuma kwa maji, machozi yakimlengalenga, na siku nyingine maji yenyewe yalirudi yakamtokea puani. Muuguzi alikuwa amemwonya mapema. "Mama, siku chakula kikianza kukwama, usikae nyumbani. Huenda ni kovu tu, tutalipanua. Au huenda ule ugonjwa umerudi. Njoo tuangalie."

Yeye alibaki na lile neno la mwisho, umerudi, na likamkaa moyoni. Hakwenda. Mwanawe alipotoka kazini alimkuta ameshaosha vyombo, naye mama akakibana kile kidude shingoni na kuunguruma, "Nimeshakula." Alipozidi kukonda, akaanza kuvaa magauni mawili, moja juu ya jingine. Na kule kiwandani, mbele ya macho ya watu wote waliomwamini, alijifunza kulificha tonge shavuni, kuinamisha kidevu kama anayemeza, kugonga upawa, kisha kugeukia sinki na kulitema. Unamwonea huruma, halafu unataka kumtingisha mabega. Lakini alikuwa ameshakata shauri: wakijua, watamtoa jikoni, na akitolewa jikoni, kilichobaki ni kwenda kulala kusubiri kufa. Kila siku tonge lilipita salama, na kila siku alizidi kuzoea.

Jumatatu moja alitoa nyama kwenye friji ikiwa ngumu kama jiwe, na barafu juu. Kumbe umeme ulikatika tangu Ijumaa usiku, nyama ikayeyuka na kuoza polepole gizani, kisha umeme ukarudi ukaigandisha upya. Mlinzi wa usiku alijua, ila hakuona kama hilo ni jambo la kumwambia mpishi. Mchuzi ulichemka ukawa na rangi nzuri kuliko siku zote.

Msaidizi wake, binti mwenye aibu nyingi, alisogea kwenye sufuria, akakunja pua, akamtazama. Mama Kengele alidhani binti ana mafua. Akachota kijiko cha nyama, akakitia mdomoni, akainamisha kidevu. Ngo!

Mwanawe alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alipakuliwa akaenda kukaa. Wa nyuma yake akainusa sahani. "Leo mmetia viungo gani humu?"

"Mama Kengele kameza," mwenzake akamjibu. "Wewe una koo la dhahabu?" Wakacheka, foleni ikasogea.

Binti akamnong'oneza mama kwa haya, "Afadhali umemeza, mama. Mimi nilishaona nyama imeoza. Nikasema ngoja nimwangalie mama, kumbe pua yangu ndiyo mbovu."

Mama Kengele alikuwa bado hajageukia sinki; tonge lilikuwa shavuni. Akaugonga upawa, akaugonga tena kwa nguvu, ngo! ngo! ngo! Kwa miezi yote ile mlio huo ulikuwa na maana moja tu, karibuni, nao wakakaribia. "Tunakuja, mama, usitufukuze!" mmoja akapaza sauti, na sahani zikazidi kunyooshwa. Akafungua kinywa kupiga kelele kwa jinsi alivyopiga maisha yake yote, na pumzi ikatokea shingoni. Kule mezani mwanawe alikuwa ameinua kijiko.

Alikimbia akiwapiga watu vikumbo. Akakipiga kofi kijiko kikaruka, akaiinamia sahani ya mwanawe, na mbele ya foleni nzima akalitema lile tonge humo. Lilikuwa zima, halijatafunwa.

"Ina maana hakumeza?" mtu akauliza kutoka nyuma. Sahani zikaanza kuwekwa chini, moja baada ya nyingine.

Mwanawe alilitazama tonge, kisha akamtazama mama yake. Aliona kola mbili shingoni, mifupa ya mabega, na mkono uliobaki ngozi, kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Uso wa fundi yule ulikuwa wa mtoto aliyeogopa.

"Mama," akasema polepole. "Tangu lini humezi?"

Mkono wa mama ulipanda shingoni kutafuta kidude, lakini kidude kilikuwa kwenye droo. Akafungua kinywa amjibu. Hakikutoka kitu, ni kile kitambaa tu kilichokuwa kikipanda na kushuka shingoni, harakaharaka.